Bajeti ya Desemba inavunjwa na zawadi, sio chakula. Kuna aliyewahi kuishika mpaka Januari?

#1 BintiChuno
Wakuu habari za jioni.

Nipo Mtwara mjini, nina mume na watoto watatu, wote wawili tunaingiza kipato japo sio cha kutisha. Kila mwaka mwezi wa 11 ukielekea mwisho nakaa chini na kaunta buku naandika bajeti ya Desemba: kodi, umeme, gesi, mchele, mafuta, bajaji ya watoto, dharura kidogo. Na niwaambie ukweli, chakula hakijawahi kunivuruga. Hata pilau la Krismasi na kuku wake najua litakula shingapi, naandika, linakaa palepale.

Kinachoniharibia hesabu ni zawadi. Kitenge cha mama mkwe Newala, nguo za watoto wa shemeji maana wa kwangu nimewanunulia na wanacheza pamoja, mjomba wa Dar anapiga simu "usinisahau korosho mwanangu", mtoto wa kaka kachaguliwa fomu wani anataka tranka na godoro na mimi ndo shangazi mwenye kazi, jirani kaleta keki. Hakuna hata kimoja ambacho ukikitazama peke yake ni kikubwa. Jumlisha sasa, inaipita kodi ya nyumba.

Ninavyoona mimi zawadi hatuiandiki kwa sababu hatuihesabu kama matumizi, tunaihesabu kama heshima, na heshima nani anaiwekea kiwango? Nauliza kwa nia ya kujifunza kabisa: kuna mtu huku kusini ameweka kiwango cha zawadi na akakishika? Alifanyaje, na ndugu walimchukuliaje?

#2 Mchuuzi_Mikindani
Nimetandika mkeka hapa. Ngoja waje wenye wakwe.

#3 MkorosheniTandahimba
Dada mada nzuri ila mimi nakataa hapo kwenye heshima. Heshima ipo nchi nzima, mbona huku kwetu ndo inaumiza zaidi? Shida ni namna hela inavyoingia. Sisi wa korosho mwaka mzima tunaishi kwa kubangaiza, afu minada ikianza mwezi wa 10 hela inaingia kwenye akaunti kwa mkupuo, mara moja mara mbili, basi mpaka mwakani. Na tangu stakabadhi ghalani ianze 2010, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, bei sio siri tena, mnada ukifungwa saa hiyohiyo kila mtu anayo kwenye simu. Msimu wa 2024 bei ilivuka 4,000 kwa kilo, mkwe wangu alinipigia kabla hata mimi sijaambiwa na chama. Anajua kilo bei gani, anajua nina mikorosho mingapi, kazidisha mwenyewe. Utamwambiaje huna?

#4 Mwl_Ligula
#3 mkuu umesema vizuri ila hiyo hoja inakufa ukitazama sisi wa mshahara. Kwetu hakuna mkupuo, mshahara unakuja uleule kila mwezi na bado Desemba tunapigwa. Sana sana wa Desemba huwa unatoka mapema kabla ya sikukuu, unaonekana mwingi kwa sababu umewahi, kumbe umewahi tu, Januari inabaki ndefu na ndo mwezi dume wenyewe, daftari, sare, viatu vya shule. Kwa hiyo kwa mkulima ni mkupuo, kwa mwalimu ni tarehe. Zawadi ni ileile.

#5 Bwana_Ghala
#3 rekebisho dogo, stakabadhi ghalani kwenye korosho ilianzia hapahapa Mtwara msimu wa 2007, sio 2010. Mengine endelea.

#6 MkorosheniTandahimba
#5 sawa, 2007. Mkwe anazidisha vilevile.

#7 MamaKikoba
Wote mmeruka kitu. Vikoba. Wanawake wengi wa hapa mjini tunaweka hisa mwaka mzima, elfu mbili elfu tano kwa wiki, tunavunja lini? Desemba. Yaani tumejipangia wenyewe kwamba gawio lishuke wiki ileile ambayo maduka ya Soko Kuu yametundika magauni ya watoto mpaka barabarani na mashine za taarabu zinalia. Mwenzio kagawana laki sita, unamuona anavyonunua, na wewe umegawana laki tatu unanunua kama yeye. Kwenye kikundi chetu tulibishana sana mpaka tukahamisha, sasa hivi tunavunja wiki ya kwanza ya Januari. Ada na sare zinalipwa kwanza. Zawadi za Desemba kila mtu atafute kwingine, na asipopata ana sababu ya kweli mdomoni: "kikoba hakijavunjwa." Hiyo sentensi imetuokoa, hakuna ndugu anayekasirikia kikoba.

#8 BintiChuno
#7 hii ya kuhamisha tarehe sijawahi kuiwaza kabisa. Wanachama hawakukimbia?

#9 MamaKikoba
Wawili walitoka. Mmoja karudi.

#10 KakaWaMtanda
Wakuu nipo Lindi, hapa Mtanda. Tusidanganyane, bajeti ya nyumba inavunjika kwa sababu inaandikwa na mtu mmoja afu inatumiwa na wawili. BintiChuno umesema UNAKAA CHINI unaandika. Mumeo alikuwepo? Mwanaume ana list yake kichwani, mama yake, dada zake, rafiki aliyemsimamia harusi, hizo hazipo kwenye kaunta buku lako. Na wewe una za kwenu ambazo yeye hazijui. Kila mmoja anatoa kimyakimya afu tarehe 28 mnaulizana hela imeenda wapi.

#11 BintiChuno
#10 tunaandika wote, mimi ndo nashika kalamu. Ila hapo kwa rafiki aliyesimamia harusi nitamuuliza leoleo.

#12 FundiMitema
Nachangia kama fundi cherehani, Lindi mjini, kazi hii nimezeekea. Watu wengi hela ya zawadi haiwaishii kwenye zawadi yenyewe, inawaishia kwenye kuchelewa. Kuanzia katikati ya mwezi wa 12 mezani kwangu panajaa vitambaa, kila kimoja nakiviringisha nakifunga kwa ukanda wa kitambaa hichohicho, nachomeka kikaratasi cha jina kwa pini, ukichelewa cha kwako kinakaa chini kabisa. Anayeleta tarehe 22 anataka 24, lazima nikeshe, umeme ukikatika nashona kwa cherehani ya kukanyaga, hiyo bei haiwezi kuwa ya mwezi wa 10 hata kama ni ndugu yangu. Akishindwa bei anaenda kununua nguo ya dukani ambayo nayo tarehe 23 imepanda. Kwa hiyo kalipa kitambaa, kalipa na gauni.

Jambo la pili. Kitenge cha yadi sita mnampa mtu mzima mzima cha nini? Gauni la kawaida la mama halifiki yadi nne, mwambie fundi akate kwa akili, kinachobaki unatoa gauni la mtoto wa miaka mitano na kilemba juu. Zawadi mbili, kitambaa kimoja, na bibi na mjukuu wanavaa sare siku ya sikukuu, watu wanapenda mno. Nawashonea hivyo kila mwaka.

#13 Somo_wa_Chikongola
#12 Mungu akuzidishie. Ila tahadhari kwa wenzangu, hiyo ni kwa kitenge tu. Msije mkaleta ubunifu huo kwenye kanga. Kanga ni doti, mbili zimeshikana, humkatii mkweo upande mmoja ukampa na mwingine ukampelekea mama yako. Nimeshaona ugomvi wa namna hiyo, mama kaipokea kimya, kaitandika mlangoni watu wakanyagie.

#14 Mchuuzi_Mikindani
#13 mlangoni?? Hii chai somo.

#15 Somo_wa_Chikongola
Haina sukari hata kijiko. Na jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa, ndo lilizidisha, mnunuzi hakusoma. Ukinunua kanga ya zawadi soma jina kwanza afu ndo utazame rangi.

#16 Nahodha_Kilwa
Huku Kilwa Masoko Desemba haitusumbui hivyo, moto ni Idi. Mfungo wenyewe chakula kinapanda maana futari inataka vitu, magimbi, mihogo, tambi, nazi, afu kabla hujapumua nguo za watoto, mkono wa Idi kwa kila mtoto anayepita barazani, na zaka ya fitri kibaba kwa kila kichwa. Mimi nyumbani tuko tisa. Na korosho hakuna, hela ya msimu ishaisha kitambo.

#17 Ustadh_Shangani
#16 nakurekebisha kwa upendo, fitri sio kibaba, ni pishi, yaani vibaba vinne, kwa mchele wanakadiria kama kilo mbili na nusu kwa kila mtu mpaka mtoto mchanga. Na hiyo sio zawadi, usiiweke kwenye fungu la zawadi. Ni wajibu, inatoka kabla ya swala ya Idi. Nasisitiza kwa sababu watu wakibanwa wanapunguza palepale, anatoa fitri nusu afu mtoto ananunuliwa viatu vya taa. Kama ni kupunguza punguza viatu.

#18 DadaMasasi
Samahani natoka nje kidogo, kuna mwaka nakumbuka Idi na Krismasi ziligongana kabisa tukiwa wadogo, au naota?

#19 Bwana_Ghala
#18 huoti. Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2000 Idi ndogo ilikuja siku chache baada ya Krismasi, na mwaka huohuo mwezi wa kwanza ilikuwepo Idi ndogo nyingine. Na 2030 ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wenye familia mchanganyiko kama zetu za huku kusini, shangazi Mkristo mjomba Muislamu, muanze kuweka akiba sasa hivi.

#20 KakaWaMtanda
#19 wewe ndo mtu wa kukaa karibu na mimi kwenye basi.

#21 MkorosheniTandahimba
Narudi kwa Nahodha #16, hapo aliposema hela ya msimu imeisha ndo pana ubaya mkubwa kuliko wote na hamuutaji. Kangomba. Idi kubwa ikija mwezi wa 6, kama 2023 mpaka 2025, ndo kwanza mikorosho inaanza kutoa maua, mtu hana kitu na watoto wanataka nguo na mbuzi anataka kuchinjwa, anakuja jamaa na hela taslimu anakwambia nipe utanilipa korosho msimu ukifika, kwa bakuli. Laki moja ya Idi inakuja kulipwa kwa korosho ambazo mnadani zingeuzwa zaidi ya mara mbili yake. Imekatazwa kisheria, sawa, lakini usiku mtu anagonga mlango na wewe una watoto. Nimeona mtu ninayemheshimu sana anavuna msimu mzima na hapeleki hata gunia moja ghalani, zote zilishaliwa sikukuu. Hii inaniuma kuliko kitenge cha mkwe. Uzi huu ukimzuia mtu mmoja tu asiweke korosho rehani kwa ajili ya nguo ya siku moja, nitashukuru.

#22 MamaKikoba
#21 na mjini kangomba yetu ni kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na mikopo ya kwenye simu. Unaingiza namba ya siri dakika moja una elfu hamsini, unapeleka kwa mama, mama anakuombea dua. Deni analijua nani? Wewe na simu yako.

#23 Mwl_Ligula
Kwenye simu ongezeeni na makato. Siku hizi zawadi inatumwa, haibebwi. Unamtumia mama elfu ishirini unaongeza na ya kutolea maana bila hiyo anasema haijafika kamili. Watu kumi, makato kumi. Tangu ile tozo ya 2022 mimi nakusanya, nawatumia wazazi na wadogo zangu kwa mkupuo kwa mmoja anayeaminika, yeye anagawa mkononi.

#24 Bwana_Ghala
Tozo ilianza Julai 2021 mkuu, Septemba mwaka huohuo wakaipunguza asilimia 30, ikaendelea kupunguzwa baadae. Ila ya kumtumia mmoja agawe nimeipenda, kama huyo mmoja sio mdogo wangu.

#25 DadaMasasi
Kwetu tulikuwa tunatuma kila mtu kivyake kwa mama, ndugu sita, yaani mama anapata vitenge sita na sukari hana. Kaka mkubwa akaanzisha kitu kimoja, tunachangia kikapu kimoja cha nyumbani, mchele, mafuta, sukari, ngano, sabuni, na kitenge kimoja kizuri kweli, sio vile vya kuchuja rangi. Kwa watoto tunapiga kura, majina kwenye kofia, kila mtu mzima anamnunulia mtoto mmoja tu wa ukoo. Mtoto anapata kitu kimoja cha maana badala ya miwani ya plastiki mitano. Mama mwanzoni alilalamika kwamba hajui kipi katoa nani. Hilo bado hatujalitatua, anauliza kila mwaka.

#26 Somo_wa_Chikongola
#25 na ana haki ya kuuliza. Mama anataka kusema kwa majirani hiki kaleta fulani. Kikapu cha wote hakina jina la mtu. Mimi kura nakubali kwa watoto, kwa mama hapana.

#27 Mzee_Nachingwea
Wanangu, nimesoma kuanzia juu. Nataka niwakumbushe msimu wa 2018. Serikali ilitangaza kununua korosho kwa 3,300, jeshi likabeba, malipo yakasubiri uhakiki. Desemba ile kijijini kwetu wengi hawakuwa na kitu. Vitenge hakuna, nguo mpya hakuna, watu walipelekeana ming'oko na maembe na kuku mmoja anakatwa nusu kwa jirani. Na nawaambia hakuna undugu uliovunjika, wala mkwe aliyenuna. Ndo maana mkisema heshima haina kiwango nakataa. Kiwango kipo, kinashuka kikitakiwa kushuka. Tunachokosa ni ujasiri wa kukishusha wenyewe mwaka ambao hela ipo.

#28 MkorosheniTandahimba
Mzee shikamoo. Nakuheshimu ila hapo naona tofauti. 2018 tulikosa wote. Mkwe alijua nimekosa, jirani alijua nimekosa, yeye mwenyewe kakosa. Ukishusha peke yako mwaka ambao wote wanazo, wewe ndo unaonekana umeficha. Sio ujasiri tu, ni kuonekana mchoyo mbele ya watu unaowahitaji ukifiwa.

#29 Mzee_Nachingwea
Marahaba. Sijasema ni rahisi. Lakini ukifiwa watakuja, nimezika watu wabahili wengi na mazishi yalijaa watu.

#30 BintiChuno
#27 na #28 mmenigusa wote wawili na sijui nimshike nani. Mwaka jana nilipunguza kwa wifi mmoja tu, nikampa sabuni na mafuta badala ya kitenge, mpaka leo akinipigia anaanza na "wewe si una mambo mengi." Sasa hii gharama nayo inaandikwa wapi?

#31 Muuguzi_Ndanda
BintiChuno, andika majina sio vitu. Hiyo ndo njia yangu na inanifaa. Ukiandika "zawadi 150,000" itavunjika kwa sababu 150,000 haina sura. Ukiandika mama mkwe, wifi mkubwa, mtoto wa kaka, jirani wa kushoto, mlinzi, unaona kabisa ukimuongeza mtu wa 12 unamnyang'anya nani. Nikimaliza natenga noti kwenye bahasha, jina juu. Bahasha ya mtu ikiisha imeisha. Na bahasha moja naiandika "aliyesahaulika", maana yupo kila mwaka.

#32 KakaWaMtanda
#31 mimi noti zikiwa kwenye bahasha ndani ya nyumba naziazima. Bora kibubu cha mti kilichopigwa misumari.

#33 Mchuuzi_Mikindani
Mimi sina mkwe ila nina mdogo wangu wa miaka 9, kasema Krismasi hii hataki nguo wala keki, anataka jezi. Na sio jezi ya mtumba, orijino, na jina mgongoni. Nimeuliza bei nimerudi kukaa.

#34 Nahodha_Kilwa
Mnunulie ya Namungo akue anajua kwao.

#35 Mchuuzi_Mikindani
#34 nimemwambia hivyohivyo kalia.

#36 BintiChuno
Turudi kwa mjomba wa Dar na korosho zake, hapo hamjanisaidia. Naona ni la watu wengi, Desemba nzima mabasi ya Dar yanaondoka na maboksi.

#37 Mbanguaji_Mama
Nipo kwa ajili ya hilo. Nabangua korosho nyumbani na wenzangu, nauza kwa kilo. Watu wa Dar wanadhani korosho kwetu zinaokotwa. Sikilizeni hesabu. Kupata kilo moja ya korosho nyeupe unahitaji kilo nne mpaka tano za korosho zenye ganda. Hata ukiweka ghafi 3,500 tu, hapo ushafika 14,000 mpaka 17,500 kabla mtu hajashika kitu. Kuna kuni za kuchoma au kuchemsha, kuna kubangua moja moja, lile ganda lina mafuta yanayounguza vidole, tunajipaka majivu au mafuta ya kula mikononi na bado ngozi inabanduka, afu kuna kumenya lile ganda jembamba la ndani moja moja bila kuivunja maana ikivunjika bei inashuka. Kilo moja mama mzoefu inamchukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Halafu boksi, halafu parseli ya basi. Mjomba akisema nitumie kilo mbili tu, ile "tu" yake ni sawa na kuku wawili wa sikukuu na pengine watatu.

Nachowashauri wateja wangu: tumeni zilizovunjika. Vipande. Utamu uleule, bei iko chini sana, kwa kutafuna na kuweka kwenye wali hakuna tofauti. Au robo kilo kwa kila mtu kwenye mfuko mzuri, inapokelewa vizuri kuliko kilo kwa mmoja na wengine kununa.

#38 Mwl_Ligula
#37 somo zuri mno. Hii hesabu naipiga picha naituma kwenye grupu la ukoo kama ilivyo.

#39 Somo_wa_Chikongola
#38 ukituma hiyo usishangae mtu akatoka kwenye grupu. Mgeni haonyeshwi bei ya alichokula.

#40 Mwl_Ligula
Bora atoke Desemba kuliko mimi kukopa Januari, somo.

#41 Mzee_wa_Parseli
Mimi nafanya kazi ya kupokea mizigo stendi, sitasema kampuni gani. Niwaambie kitu, zawadi nyingi zinakuja "mpokeaji analipa". Kwa hiyo mjomba anapokea korosho na anatoa hela. Ukiongea nae mapema hivyo wengi wanakubali. Wanaokataa ndo ujue hakutaka korosho, alitaka kukumbukwa, mpigie tu simu.

#42 DadaMasasi
#41 hapana jamani, zawadi mpokeaji analipa nauli? Huku kwetu hiyo ni kumdai.

#43 Nahodha_Kilwa
Mimi natuma pweza wakavu kila mara na ndugu wa Dar wanalipa nauli wenyewe, tena wanasisitiza. Inategemea na mtu.

#44 Ustadh_Shangani
Ongezeni na sahani. Mnasema zawadi, sahani ya pilau inayokwenda kwa jirani ni mzunguko mzima. Sahani hairudi tupu. Sikukuu ya Krismasi majirani zangu wananiletea, Idi mimi nawapelekea, na hiyo siwezi kuipunguzia mtu hata shilingi, napika nikijua kabisa nyumba tano za kulia na kushoto zimo kwenye sufuria. Ukiiandika kwenye mchele haikusumbui. Ukiiandika kwenye zawadi utaanza kuchagua majirani.

#45 Binti_Unyago
Likizo ya Desemba mmesahau na ngoma za unyago. Mwali akitoka unaenda na nini? Kanga mkononi, noti za kutunza, na ukitunza unacheza mbele za watu wote, kungwi anaita jina lako, huwezi kutoa mia tano. Mimi naenda na noti za elfu moja moja mpya, natunza moja, nacheza kidogo, natunza nyingine. Wenzangu wanatoa elfu kumi mara moja na wanakaa chini, mimi na elfu tano nimeonekana uwanjani muda wote na mama mwali anakumbuka nilikuwepo.

#46 MamaKikoba
#45 hii kila mtu aichukue aondoke nayo.

#47 KakaWaMtanda
Bado nasema ni mke na mume. BintiChuno yule rafiki msimamizi wa harusi imekuwaje?

#48 BintiChuno
#47 yupo. Yupo kila mwaka, soda kreti na kuku. Nimemuingiza kwenye kaunta buku kwa jina kama alivyosema #31, na mume kamtoa mtu mwingine wa kwake mwenyewe bila mimi kusema. Korosho za mjomba natuma vipande, nusu kilo. Wifi bado sijajua.

FundiMitema nauliza, kitenge cha mama mkwe nikikuletea wiki hii kwa mtu anayekuja Lindi, yeye yuko Newala hawezi kuja kupimwa, vipimo vyake nimeviandika kwenye karatasi, vinatosha?

#49 FundiMitema
Karatasi hapana, kila mtu anapima kwa mkono wake. Nitumie gauni lake moja linalomkaa vizuri, nalitandika juu ya kitambaa nakata. Na useme mapema kama kipande kinachobaki ni cha mjukuu wa kike au wa kiume.